Machozi ya wahami si mtaji wa mtu: nani anakula dola za video?

GOMA – Kambi ya Bulengo haiko tena. Mahema yaling'olewa kunako Februari 2025, pamoja na yale ya kambi zingine zilizouzunguka mji wa Goma, na watu wakatawanyika na magodoro kichwani. Wengine walirudi Masisi, wengine Rutshuru, wengine walibaki kulala kwa ndugu mjini. Lakini kuna mama mmoja wa kambi ile ambaye mpaka leo yuko palepale, amekaa mbele ya shiting yake juu ya mawe ya volkano, anamlilia mtoto wake. Analia usiku na mchana, ndani ya simu za watu asiowajua. Kambi imevunjwa, yeye bado anafanya kazi. Na mshahara wa kazi hiyo hajawahi kuuona.

Ilikuwa 2024. Kijana mmoja alifika kambini na simu nzuri, mguu wa kuisimamishia, na mfuko wenye sabuni na unga. Aliongea kwa heshima. Aliuliza nani amefiwa karibuni. Watu wakamwonyesha yule mama. Akakaa mbele yake, akafungua simu, mama akaeleza namna alivyokimbia kutoka Masisi, namna mtoto alivyougua njiani, namna alivyomzika.

"Mama, rudilia pale pa mtoto. Simu haikukamata vizuri."

"Nirudilie tena, mwanangu?"

"Kidogo tu, mama. Watu wa Ulaya wakiona hivi watasaidia."

Mama akarudilia. Akamlilia mtoto wake mara ya pili, kwa sababu simu haikukamata ya kwanza. Kijana akamwachia sabuni 2 na kilo 3 za unga, lakini kabla ya kuondoka akamwomba asimame ashike sabuni vizuri, apigwe picha akitabasamu. Miezi ikapita. Dada yake mama huyo, anayeishi Kampala, ndiye aliyempigia simu kumwambia kwamba amemwona. Chini ya sura yake kulikuwa namba ya kutuma pesa, na watu wengi sana waliandika "pole mama" na "Mungu akusaidie". Wengine waliandika kwamba wameshatuma.

Mama akauliza neno moja tu: "Na hizo pole, walizituma kwa nani?"

Swali hilo halijapata jibu. Kila kambi ya jimbo la Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri ina mama wa namna hiyo, na kila mji una kijana wa namna hiyo. Wakati umefika swali hilo liulizwe kwa sauti, tena hadharani.

Namna pesa inavyotoka katika simu

Wahami wengi wanafikiri kwamba video ni mchezo wa vijana tu. Hawajui kwamba ni soko lenye bei, wachuuzi na makomisyoni, kama soko la Virunga ao la Kadutu. Ni lazima soko hilo lielezwe, kwa sababu mtu asiyejua bei ya mali yake ataiuza kwa sabuni.

Mlango wa kwanza ni matangazo ya biashara. Kampuni inayouza viatu ao magari inalipa YouTube ili tangazo lake lionekane kabla ya video ao katikati yake. YouTube inagawa pesa hiyo na mwenye chaneli: kwa video ndefu mwenye chaneli anachukua 55 kwa kila 100, kwa zile fupi sana anachukua 45. Lakini si kila mtu anaingia. Ili apate matangazo, sherti awe na wafuasi 1.000, na video zake ziwe zimetazamwa saa 4.000 katika miezi 12, ao zile fupi zifunguliwe mara milioni 10 katika siku 90. Saa 4.000 si kitu kidogo. Kama video ina dakika 10, ni lazima itazamwe mpaka mwisho mara 24.000. Na hata akiisha kuingia, hapokei kitu mpaka deni lake lifike dola 100.

Tena bei si moja. Mtazamaji aliye Ubelgiji ao Kanada ana thamani kubwa kuliko mtazamaji aliye Katindo, kwa sababu wenye matangazo wanataka macho ya watu wenye pesa ya kununua. Ndiyo maana kijana yule hakumwambia mama "watu wa Goma wakiona". Alisema "watu wa Ulaya". Alijua vizuri anachotafuta.

Mlango wa pili ni zawadi. Kwenye TikTok, mtu akiwa moja kwa moja hewani, watazamaji wanaweza kumrushia zawadi za kuchorwa: waridi, moyo, kofia, mpaka simba. Waridi ni sarafu 1 tu, karibu senti moja na kidogo ya dola. Simba anagharimu dola mia kadhaa. Mtazamaji ananunua sarafu kwa pesa ya kweli, anatupa zawadi, zawadi inageuka almasi katika akaunti ya anayepokea, na almasi inageuka dola. Katika migeuko hiyo kampuni inakata sehemu yake. Facebook nayo ina nyota zake: kila nyota moja inamletea mwenye video senti 1 ya dola. YouTube inaruhusu mtazamaji kulipa ili ujumbe wake uonekane wakati wa matangazo ya moja kwa moja, na hapo mwenye chaneli anabaki na 70 kwa kila 100.

Mlango wa tatu ni ule wa hapa kwetu, na hauna hesabu yoyote: namba ya simu iliyoandikwa chini ya video. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Hapo hakuna YouTube, hakuna kiwango, hakuna karatasi. Pesa inatoka mfukoni mwa ndugu aliye mbali, inaingia katika simu ya mwenye video, na yeye peke yake ndiye anayejua ni ngapi imeingia.

Na mlango huo wa tatu una sababu yake. Wenye matangazo hawapendi viatu vyao vionekane karibu na maiti ao mtoto anayekufa njaa. YouTube yenyewe inapunguza ao inaondoa matangazo kwenye video za vita na misiba mikubwa. Kwa hiyo kilio hakilipi vizuri kwa njia ya matangazo. Kinalipa kwa njia ya huruma. Mtu akiona kwamba video ya mhami inaisha kwa namba ya simu, ajue kwamba namba hiyo haikuwekwa kama nyongeza. Video yote ilitengenezwa ili mtazamaji aifikie.

Somo lililotoka Siria

Kama mtu anafikiri kwamba maneno haya ni wivu wa wazee, atazame kilichotokea kwenye kambi za kaskazini-magharibi ya Siria. Kunako Oktoba 2022, BBC ilitoa uchunguzi wake juu ya familia za wahami zilizokuwa zikiomba moja kwa moja kwenye TikTok. Watoto walikaa mbele ya simu saa nyingi, wakirudilia maneno machache ya Kiingereza waliyofundishwa, wakiomba zawadi. Waandishi walifuata akaunti 30 kwa miezi 5. Waliona video zingine zikiingiza mpaka dola 1.000 kwa saa moja. Lakini familia zile zilisema kwamba zinapata kiasi kidogo sana.

Pesa ilipotelea wapi? BBC ilifanya jaribio. Ilituma zawadi za dola 106. Katika akaunti iliyopokea zilionekana dola 33 tu. Kampuni ilikuwa imeisha kukata 69 kwa kila 100. Akaunti ilipokwenda kutoa pesa kwenye duka la kutuma na kupokea, duka likakata 10 kwa kila 100. Yule mtu wa katikati, anayeleta simu na laini na kupanga familia mbele ya kamera, naye angechukua 35 kwa kila 100 ya kilichobaki. Familia iliyolia ingebaki na dola 19.

Ni vizuri kurudilia hesabu hiyo polepole, hata redioni. Mtu mwenye huruma alitoa 106. Mtoto aliyekaa kwenye vumbi angepata 19. Dola 87 zingeliwa njiani kabla ya kumfikia.

TikTok ilijibu kwamba sehemu yake iko chini sana ya 70 kwa kila 100, lakini haikukubali kusema ni ngapi kamili. Ilisema pia kwamba video za namna ile haziruhusiwi. Hata hivyo, BBC ilipozishitaki akaunti zile kwa njia ya kawaida, ile inayopatikana na kila mtumiaji, jibu lilikuwa kwamba hazikuvunja sheria. Ni baada ya waandishi kuiuliza kampuni uso kwa uso ndipo zikafungwa. Mhami wa Masisi ana nafasi gani ya kusikilizwa, ikiwa BBC yenyewe ilihitaji kugonga mara mbili?

Jambo lingine la Siria linafanana sana na la hapa. Watu wa katikati walitumia laini za simu za Uingereza, ili mtandao upeleke video kwa Waingereza, maana walijulikana kwa kutoa zawadi nyingi. Kilio cha mtoto wa Siria kilielekezwa mahali penye mfuko, kama vile mvuvi anavyopeleka taa yake mahali samaki walipo.

Si kila mwenye kamera ni mwizi

Haki itendeke. Kuna vijana wa Goma, Bukavu, Butembo na Bunia wanaotafuta riziki yao safi kwa simu. Mwenye vichekesho anayewafanya watu wacheke foleni ya maji anauza akili yake. Fundi anayeonyesha namna ya kutengeneza chukudu anauza ujuzi wake. Msichana anayefundisha kupika sombe bila kuiharibu rangi anauza mkono wake. Mwimbaji anauza sauti yake. Hao wakipata dola, wazipate na kumi zaidi. Inchi haina kazi, mabenki ya Goma yalifunga milango tangu mwanzo wa 2025, na kijana anayejitengenezea mshahara bila kushika bunduki anastahili pongezi.

Tofauti iko kwenye neno moja: mali ni ya nani? Mwenye vichekesho anaonyesha uso wake mwenyewe. Anayeingia kambini anaonyesha uso wa mwingine. Mtu akichukua mbuzi wa jirani akaenda kumuuza sokoni, kisha akamletea jirani kipande cha ngozi, kijiji hakitamwita mfanyabiashara. Kina jina lake, na kila mtu analijua.

Watetezi wa biashara hii wana majibu yao, na ni lazima yasikilizwe.

Wanasema: bila video, dunia isingejua mateso ya Congo. Ni kweli kwamba dunia ina usingizi mzito, na kwamba picha za simu zimeiamsha mara nyingi. Lakini ushuhuda hauhitaji namba ya M-Pesa. Wala hauhitaji mama arudilie kilio. Mwandishi wa habari anauliza jina la kijiji, tarehe, waliofanya, waliokufa; anatafuta shahidi wa pili; anaficha sura pale sura inapoweza kuua. Video nyingi za biashara hii hazina tarehe wala kijiji. Zina muziki wa huzuni tu. Ndiyo maana video ya kambi moja inazungushwa mwaka mzima kama habari ya jana, na wakati mwingine inapewa jina la kambi nyingine. Dunia haipati kujua kitu hapo. Inapata kudanganywa, na siku ya habari ya kweli haitaamini.

Wanasema: mama alikubali mwenyewe. Alikubali nini? Aliambiwa kwamba video itabaki mwaka mzima, miaka kumi? Aliambiwa kwamba itaonekana Kampala na Brussels? Aliambiwa kuna pesa? Mtu mwenye njaa ya siku mbili, anayeona mfuko wa unga pembeni ya mgeni, hakubali; anasalimu. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi, na mwenye kamera anaijua methali hiyo kuliko wote. Ndiyo maana haji na mkono mtupu. Kilo 3 za unga hazikuwa msaada. Zilikuwa bei, na upande mmoja tu wa biashara ndio uliojua kwamba kuna biashara.

Wanasema pia: lakini huwa tunasaidia kweli, tazama tulijenga kibanda, tulilipa hospitali. Wako waliofanya hivyo, na waliosaidiwa wanawashukuru. Lakini anayesaidia kweli haogopi hesabu. Kanisani, sadaka inahesabiwa mbele ya watu wawili ao watatu. Kwenye likelemba ya akina mama, kila franka ina mwenyewe na kila mwenyewe anajua zamu yake. Iweje mtu anayekusanya pesa kwa jina la wahami 50 awe peke yake mpokeaji, mhesabu na mgawaji? Akina mama wasiojua kusoma wanashika hesabu ya likelemba kwa kichwa na haipotei. Mwenye simu ya dola 600 hawezi kushindwa.

Hatari iliyo kubwa kuliko wizi

Kama ingekuwa pesa tu, labda watu wangenyamaza, kwa maana wahami wameisha kuibiwa vitu vingi. Lakini kuna jambo zito zaidi.

Mama wa Bulengo alisema katika video ni kijiji gani alitoka. Alisema ni watu gani walioingia usiku. Alisema hayo akiwa kambini, akidhani anaongea na kijana mmoja. Leo amerudi kwao. Wanaoishi naye sasa wana simu. Wenye silaha wana simu. Video haijui kwamba vita imesogea. Inasema leo maneno ya juzi, kwa uso uleule, kwa jina lilelile, na mama hana namna ya kuifuta kwa sababu hajui hata chaneli inaitwaje.

Wanawake waliobakwa wamewekwa mbele ya simu hivyo hivyo. Mwenye kamera anadhani kuziba macho kwa kivuli kunatosha, lakini kijiji kizima kinajua sauti, kitenge na mtoto aliye mgongoni. Mwanamke ambaye hajamwambia hata mume wake, anaambiwa na majirani kwamba "umeonekana". Hakuna dola inayorudisha kitu hicho.

Na watoto. Mtoto mwenye tumbo la njaa anayeonyeshwa akiwa uchi leo atakuwa mwanafunzi wa sekondari kesho, na wenzake wataipata video ile. Tangu 10 Januari 2009 inchi ina sheria ya kulinda mtoto, na haisemi kwamba mtoto wa mhami hayumo. Katiba, katika kipengele cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya ndani. Kanuni ya kidijitali ya 13 Machi 2023 nayo inalinda habari za mtu binafsi. Ni kweli kwamba sheria zikiwa Kinshasa na mhami akiwa chini ya shiting, kuna umbali mkubwa. Lakini mwenye kamera asiseme hakuna sheria. Aseme tu kwamba hakuna wa kumkamata. Hayo ni maneno mawili tofauti.

Wanaolipa ndio wakubwa wa soko

Kuna watu ambao hawatajwi katika mazungumzo haya, nao ndio wanaoshikilia soko lote: watazamaji wanaotuma. Ndugu walio Ulaya, Kanada, Marekani, Afrika Kusini, Nairobi na Kampala. Moyo wao ni mwema. Wanaona kwao kunawaka, wanatafuta pa kuweka mkono, na mkono unakutana na namba iliyo chini ya video.

Lakini ni lazima waambiwe ukweli bila kuwapaka mafuta. Kila waridi wanalorusha kwa mtoto anayelia linamwambia mwenye kamera: kesho mwache alie zaidi. Kama zawadi zinashuka mtoto anapocheka na zinapanda anapolia, basi mtazamaji ndiye anayelipia kilio. Hakutaka hivyo, lakini ndivyo anavyonunua.

Njia nyingine ziko. Karibu kila ukoo una mtu wao aliyehama. Kutuma dola 20 kwa shangazi anayejulikana, moja kwa moja kwenye simu yake ao kwa mwenye kabine anayemjua, kunafika kuliko simba wa TikTok. Mwenye kabine atakata komisyo yake, ndiyo, lakini hatakata 69. Asiye na ndugu aulize parokia, msikiti, chama cha watu wa kijiji, ao kamati ya wahami, na aombe jambo dogo tu: majina ya waliopokea, na sauti ya mmoja wao akithibitisha. Anayekasirika kwa kuombwa hivyo amejibu swali.

Na anayetaka kumlipa mtengeneza video kwa kazi yake nzuri, amlipe kwa jina hilo. Amwambie: hii ni ya kwako, kwa kipaji chako. Uovu unaanza pale pesa inapotolewa kwa jina la mhami na kuingia katika mfuko wa msanii.

Kile ambacho wahami wanaweza kufanya sasa

Wahami hawana polisi wa mitandao. Lakini wana mdomo, na wana kamati zao. Kila kambi iliyobaki, kuanzia Ituri mpaka zile za wakimbizi wa Congo walio Burundi, na kila mtaa ambapo familia zimehifadhiwa, inaweza kuweka masharti machache na kuyasoma mbele ya watu wote siku ya mkutano.

Kwanza, hakuna kamera kabla ya kuonana na kamati. Anayepiga video aseme jina lake, jina la chaneli yake, na namba yake. Kamati iandike katika daftari. Kijana mwenye nia safi atatoa yote hayo kwa dakika 2.

Pili, swali la pesa liulizwe mbele, sio nyuma. "Video hii itakuletea pesa? Kwa njia gani? Sehemu yetu ni ngapi, na italetwa siku gani?" Mhami asione haya kuuliza hivyo. Mwenye duka haoni haya kutaja bei ya chumvi.

Tatu, namba ya kupokea msaada isiwe ya mwenye kamera. Iwe ya mhami mwenyewe, ao ya kamati, na ujumbe wa kila pesa inayoingia usomwe na watu watatu, mmoja wao mwanamke.

Nne, watoto, waliobakwa, wagonjwa na maiti wasipigwe video za biashara. Hapa hakuna asilimia ya kujadili.

Tano, chakula kisitolewe mbele ya kamera kwa sharti la kuongea. Anayeleta unga aulete. Anayetaka mahojiano aje siku nyingine na mikono mitupu. Hapo itajulikana nani anataka kusikiliza.

Na mhami ambaye video yake tayari inazunguka, ana haki ya kuomba ifutwe. Mitandao yote mikubwa ina mahali pa kuishitaki video, na kijana yeyote wa familia mwenye mega kidogo anaweza kumsaidia mama kufanya hivyo.  Kisha aliyeipiga atafutwe. Goma si mji mkubwa hivyo. Kijana yule ana mama, ana jirani, ana kanisa ao msikiti. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hakutoka ng'ambo. Alikulia hapa, pengine yeye pia alikimbia volkano ya Mei 2021 na godoro kichwani, akapewa maji na watu wa Sake na Minova bila kupigwa picha.

Hilo ndilo linalouma zaidi. Mwaka ule, watu wa Goma walipokimbia moto wa Nyiragongo, waliofungua milango yao hawakuuliza wafuasi ni wangapi. Walitandika mikeka. Baadaye vita ikawahamisha walewale waliotandika, wakaja Goma kutafuta mkeka, na baadhi ya watoto wa Goma wakawapokea kwa mguu wa kusimamishia simu.

Mama wa Bulengo sasa yuko Masisi, analima kipande cha shamba ambacho wengine walikuwa wameisha kukianza. Hana simu ya kuonyesha picha. Dada yake wa Kampala amemwahidi kwamba ataendelea kuishitaki ile video mpaka ifutwe. Mama hakuomba dola. Aliomba jambo moja tu kijana yule aambiwe, kama anasikia: mtoto aliyeliliwa mara mbili alikuwa na jina, na katika video yote hakuna aliyemuuliza anaitwa nani.